Pikapu ya Jericho: Lita Moja Huishia Wapi

Pikapu inayolala Jericho, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, haisafiri mbali, ila hunywa kama msafiri. Alfajiri hushuka hadi Soko la Wakulima, ambalo wengi wangali wanaliita Marikiti, kuchukua viazi na vitunguu. Saa tatu huwa imekwama kwenye foleni ya Jogoo Road. Mchana hubeba mbao kutoka Gikomba au mageti ya chuma kutoka Kariobangi Light Industries, na jioni hurudi kwa Rabai Road ikisimama kila penye mteja, mkokoteni, bodaboda au tuta. Kilomita 50 za namna hiyo zinaweza kula mafuta mengi kuliko kilomita 80 za barabara ya wazi.

Lawama huiendea bei, na bei imejitakia. Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, na Septemba 2023 petroli Nairobi ilifika shilingi 211.64 kwa lita, dizeli 200.99. Miezi miwili kabla ya hapo ushuru wa VAT kwa mafuta ulikuwa umepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Hayo hayamo mikononi mwa mwenye pikapu. Kilichomo ni idadi ya kilomita anazopata kwa kila lita, na sehemu kubwa ya kazi ya kuziongeza hufanyika kwa jeki, spana na jioni mbili za Jumamosi nje ya nyumba. Lakini kabla ya kufungua bolti yoyote inafaa kujua lita hiyo huishia wapi, kwa sababu marekebisho mengi yanayosifiwa huziba tundu ambalo pikapu ya Eastlands haina.

Lita moja ya dizeli ina nguvu ya takriban megajuli 36. Katika mwendo wa mjini injini ya zamani hufikisha kwenye magurudumu kama robo yake. Nyingine hutoka kwa joto, kupitia radieta na ekzosi. Robo hiyo ndiyo inayogombewa na tairi, upepo na breki. Tuchukue pikapu ya tani moja na nusu iliyobeba nusu tani ya mzigo. Kwa hesabu ya kukadiria, tairi zake huvuta nyuma kwa nguvu ya nyutoni 235 hivi, iwe inakwenda polepole au kasi. Upepo, ikiwa mwendo ni kilomita 40 kwa saa, huvuta kwa nyutoni 70 tu. Katika kilomita 80 upepo huwa umefika 290, na katika 100 umepita 450, kwa maana nguvu yake hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukiongezeka maradufu, upepo huongezeka mara nne. Tairi na upepo hulingana kwenye kilomita 70 na kitu kwa saa, mwendo ambao Jogoo Road huuona labda usiku wa manane.

Breki ndiyo mlaji mkuu wa mjini, ingawa haionekani kula. Kuiondoa pikapu hiyo kutoka kusimama hadi kilomita 40 kwa saa kunahitaji nguvu ambayo, ukiipeleka nyuma hadi kwenye tanki, ni mililita 14 za dizeli, karibu vijiko vitatu vya chai. Dereva akikanyaga breki, vijiko hivyo vitatu hugeuka joto kwenye ngoma na diski. Tuta nalo halina huruma: anayeshuka kutoka 40 hadi 10 bila kusimama kabisa amepoteza zaidi ya tisa ya kumi ya nguvu ile. Mara 70 za kuanza na kusimama ni lita nzima. Katika ujirani wenye matuta kama huu, hesabu hiyo haichukui siku mbili kutimia.

Ndiyo sababu mapishi ya Marekani, ambako wenye pikapu hujitengenezea vifuniko vya fiba vya kulainisha upepo, hayawezi kuhamishwa hivi hivi. Yule wa Marekani hukimbia kilomita 110 kwa saa bila mzigo. Huyu wa Jericho huenda kilomita 25 akiwa na magunia. Kwake uzito huja kwanza, kisha vitu vinavyosuguana, kisha hali ya injini. Upepo ni wa mwisho, isipokuwa kwa wale wanaokwenda Mwea, Naivasha au Kibwezi kila wiki.

Kitu cha kwanza kabisa, hata hivyo, ni kupima, na hapo pana tatizo la kienyeji. Pikapu nyingi za kazi hazijazwi tanki. Hutiwa mafuta ya mia tano asubuhi na mengine ya mia tano mchana, kulingana na alicholipa mteja. Kwa shilingi 180 kwa lita, mia tano ni lita 2.8, na hakuna anayeweza kujua zimekwenda kilomita ngapi huku geji ya mafuta ikiwa imekufa tangu mwenye gari wa awali. Njia inayoaminika ni ya tanki hadi tanki: jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, andika namba ya kilomita, fanya kazi ya kawaida kwa wiki moja au mbili huku risiti zote zikiwekwa kwenye bahasha, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile. Lita zote zilizoingia baada ya kujaza mara ya kwanza zinagawanya kilomita zilizotembelewa. Tuseme ni kilomita 412 kwa lita 46. Hiyo ni kilomita 9 kwa lita kasoro kidogo. Kama kebo ya spidomita imekatika, kuibadilisha ndilo rekebisho la kwanza. Na kama tairi zimebadilishwa kuwa kubwa kuliko za kiwandani, spidomita inahesabu kilomita pungufu ya zile zilizotembelewa, hivyo pikapu itaonekana mlafi kuliko ilivyo.

Hesabu ya kilomita kwa lita ina udanganyifu wake. Kutoka kilomita 12 kwa lita hadi 13 kunaokoa kama theluthi mbili ya lita, au chini kidogo, katika kila kilomita 100. Kutoka 6 hadi 7 kunaokoa lita 2.4 katika umbali huo huo. Pikapu mbovu ndiyo yenye faida kubwa ya kurekebishwa, na huu ni ujumbe mzuri kwa mwenye Peugeot 504 ya zamani kuliko kwa mwenye Isuzu D-Max mpya.

Uzito sasa. Pikapu ikinunuliwa Nairobi kwa kazi, jambo la kwanza ni kuipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Sakafu huwekwa bati nene lenye mikwaruzo, pembeni hupandishwa vyuma vya kuzuia mzigo, juu ya kebini hukaa keria, mbele hufungwa bomba la kulinda taa. Kila kimoja kina sababu yake, kwa kuwa sakafu ya kiwandani haistahimili mawe na mageti. Lakini bati la milimita 3 lina uzito wa kilo 25 hivi kwa mita ya mraba, na sakafu ya pikapu ya kebini moja ni mita za mraba tatu na nusu. Hizo tayari ni kilo 85 au zaidi. Ukiongeza vyuma vya pembeni na keria, pikapu hubeba abiria wawili wa chuma wasiolipa nauli, asubuhi hadi usiku, hata ikiwa haina mzigo. Katika mwendo wa kusimama na kuondoka, kilo 100 kwenye gari la tani mbili ni kama asilimia 5 ya kazi ya magurudumu.

Fundi yule yule aliyechomelea anaweza kupunguza. Plywood ya milimita 12 yenye kupakwa rangi ya mafuta huwa na uzito wa chini ya theluthi moja ya bati lile, na ikichakaa hubadilishwa. Vyuma vya pembeni vikifungwa kwa bolti na nati badala ya kuchomelewa, hutolewa siku ambazo mzigo ni vitunguu wala si mbao ndefu. Keria isiyobeba kitu huteremshwa. Kisha nyuma ya kiti: mnyororo, jeki mbili, kopo la oili lililobaki, vipande vya injini ambavyo mtu anakusudia kuviuza. Huu si uhandisi, ila huokoa zaidi ya vifaa vingi vinavyouzwa kwenye visanduku vyenye picha ya moto.

Tairi zinastahili geji ya mkononi, maana kupiga teke hakupimi chochote. Karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva huonyesha upepo unaotakiwa, na kwa pikapu mara nyingi huwa na namba mbili kwa tairi za nyuma: ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Wengi huacha ya gari tupu mwaka mzima. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linakadiria kwamba kila psi moja iliyopungua kwenye tairi zote nne hupoteza asilimia 0.2 ya mafuta, na tairi iliyopungua psi 10 si ajabu kwenye gari ambalo hutiwa upepo pale tu tairi inapokuwa bapa. Kujaza kupita kiasi nako si dawa: tairi ngumu hushika barabara kidogo, na mashimo ya Eastlands huipasua upesi.

Breki zinazoshika zenyewe hazisikiki, ila hula. Jaribio lake halihitaji mashine. Gari likishapoa, huinuliwa gurudumu moja moja kwa jeki, huku mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu mengine, na gurudumu huzungushwa kwa mkono likiwa kwenye gia huru. Linapaswa kuzunguka raundi moja au zaidi kabla ya kusimama. Likigoma mapema, pistoni ya breki imeshika kutu, kebo ya handibreki imekaza, au beringi imekauka grisi. Magurudumu yanayoangalia pande tofauti baada ya kuingia shimoni huburuza tairi. Huonekana kwa kupapasa mpira, ambao upande mmoja huwa na makali kama msumeno.

Injini za kabureta zina jambo ambalo Nairobi hulifundisha. Jiji liko kwenye mwinuko wa mita 1,600 na zaidi, na hewa yake ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kabureta haijui hilo. Jeti yake hupitisha mafuta kulingana na mvuto wa hewa, na hewa ikiwa nyembamba mchanganyiko huwa na mafuta mengi kuliko inavyotakiwa, kwa asilimia 8 au 9 hivi. Datsun 1200, Peugeot 504 na Hilux za petroli zilizouzwa mpya mjini huenda zilipangwa vyema siku hizo. Lakini baada ya miaka 30 au 40 ni chache zilizo na kabureta yao ya kwanza. Iliyopo ilinunuliwa Kirinyaga Road, ambako wazee bado hupaita Grogan, na ilitoka kwenye gari lisilojulikana, pengine la pwani. Mbaya zaidi, baadhi ya mafundi hutoboa jeti kwa sindano au dirili ndogo ili gari "liamke", na tangu siku hiyo gari huamka kweli, likiwa na kiu.

Jeti huwa na namba iliyogongwa ubavuni. Namba ikiwa kubwa, tundu ni kubwa. Kushuka kutoka jeti ya 110 hadi 105 hupunguza mafuta kwa karibu asilimia 9, kiasi kile kile ambacho mwinuko wa Nairobi uliongeza. Hatua hii huchukuliwa kidogo kidogo, na shahidi wake ni plagi. Gari huendeshwa likiwa na kazi kwa dakika kumi, huzimwa, plagi hufunguliwa. Masizi meusi makavu yanaonyesha mafuta yamezidi. Rangi ya kahawia hafifu ndiyo nzuri. Nyeupe kama chokaa ni hatari, maana mchanganyiko umekuwa mkavu na valvu zinaweza kuungua. Pikapu iliyopangwa hivi ikipelekwa kukaa Mombasa hurudishiwa jeti yake kubwa. Kabla ya yote hayo hukaguliwa choki, kwa sababu asubuhi za baridi za Julai madereva huivuta na kuisahau, na choki iliyokwama nusu hula kuliko jeti yoyote.

Magari yenye sindano za kompyuta hayahitaji hayo, kwani yana kipimo cha hewa na hujirekebisha yenyewe. Hata eya klina si suala la mafuta kwayo kama inavyodhaniwa. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima magari ya aina hiyo yakiwa na eya klina chafu na ikaona kwamba kilichopungua ni nguvu ya kuongeza mwendo, ilhali mafuta yalibaki karibu vile vile. Kwenye kabureta mambo ni tofauti: eya klina iliyojaa vumbi hufanya kazi ya choki.

Dizeli ina hesabu yake. Injini kama 3L na 5L za Toyota au 4JA1 ya Isuzu huvuta hewa yote inayoweza, na pampu huamua kiasi cha mafuta. Hewa ya Nairobi ikiwa pungufu na pampu ikiwa imepangwa kwa hewa ya pwani, mguu ukifika chini kabisa mafuta ya ziada hukosa hewa ya kuunguzwa nayo na kutoka kama moshi mweusi. Moshi ule ni dizeli iliyolipiwa. Skrubu ya kupunguza kiasi cha juu iko kwenye pampu, ila si ya kuguswa nje ya nyumba, kwa kuwa pampu hupimwa kwenye benchi. Kinachowezekana nyumbani ni kubadilisha filta ya mafuta, kutoa maji yaliyokusanyika chini yake, kurekebisha tapeti kwa fila geji, na kufungua nozo ili zipelekwe kupimwa. Nozo inayodondosha badala ya kunyunyiza hufanya injini igonge asubuhi na kutoa moshi hata gari likiwa tupu. Uchakachuaji ulichangia uharibifu huu: mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu na yalichanganywa kwenye dizeli, hadi Septemba 2018 serikali ilipoyatoza shilingi 18 zaidi kwa lita ili kuua biashara hiyo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, na pampu zilizolishwa mchanganyiko huo kwa miaka huwa zimelika.

Kisha kuna kifaa kidogo ambacho mafundi wa jua kali hukitupa kwa moyo mweupe. Thamostati ni vali inayozuia maji ya injini yasiende kwenye radieta mpaka yapate joto, kwa kawaida nyuzi 82 au 88. Gari likichemka kwenye foleni, dawa ya haraka ni kuing'oa. Gari hupoa, mteja hufurahi, na kuanzia hapo injini haifiki joto lake ila kwenye mlima. Oili hubaki nzito, petroli hugandama kwenye kuta za silinda badala ya kugeuka mvuke, na kompyuta, kwa magari yaliyo nayo, huamini kwamba gari bado linapashwa moto na huendelea kuongeza mafuta. Katika baadhi ya injini thamostati pia hufunga njia ya mkato ya maji, hivyo kuing'oa huyafanya maji kupita njia hiyo bila kuiona radieta, na gari lililodhaniwa limetibiwa huchemka zaidi mlimani.

Kuirudisha ni kazi ya bolti mbili au tatu. Hujaribiwa jikoni: huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, maji hupashwa, na macho hutazama inapofunguka. Kipimajoto cha jikoni kinatosha. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 kwa sababu ya mwinuko, lakini vali ya 82 itakuwa imefunguka kabla. Ikiwa gari litachemka tena baada ya kuirudisha, ugonjwa ulikuwa kwingine tangu mwanzo: radieta iliyoziba, kifuniko chake kisichoshika presha, au feni isiyovuta.

Feni yenyewe ni uwanja wa majaribio. Ile inayozungushwa na injini moja kwa moja hula nguvu muda wote, hata pale upepo wa mwendo unapotosha kupoza. Peugeot ililijua hili zamani. 404 na 504 zilikuwa na feni inayoshikwa kwa sumaku ya umeme pale tu joto linapopanda. Kufunga feni ya umeme ya gari dogo kwenye pikapu kunawezekana na huleta faida ndogo. Ila kwa gari linalokaa foleni ya saa nzima likiwa na mzigo, feni ndogo ni njia ya uhakika ya kuunguza gasketi. Kama ile ya zamani ina klachi yake na inafanya kazi, ni heri iachwe. Oili nayo haina mengi: daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, si nzito kuliko hilo, huokoa asilimia moja au mbili, isipokuwa injini iwe imechakaa kiasi cha kuvuja oili nyepesi.

Kwa wanaotoka mjini, upepo sasa unapata zamu yake. Imani kwamba mlango wa nyuma ukiteremshwa upepo hupita bila kizuizi ni ya zamani, na si sahihi. Mlango ukiwa umefungwa, hewa hujikunja ndani ya bodi na kuunda kama mto unaozunguka mahali pamoja, na upepo wa juu huteleza juu ya mto huo. Ukiteremshwa, au ukibadilishwa kwa wavu, mto huvunjika. Turubai lililokazwa vizuri juu ya bodi hufanya kazi hiyo kwa uhakika zaidi na huokoa asilimia chache kwenye barabara kuu. Turubai linalopepea hupoteza kile lilichookoa. Mzigo ukipangwa usizidi urefu wa kebini husaidia kuliko umbo lolote la fiba. Lakini hakuna kinachoshinda mguu: kwa pikapu ya mfano wetu, kushuka kutoka kilomita 100 hadi 80 kwa saa hupunguza nguvu inayohitajika kwa kila kilomita kwa karibu robo. Hewa nyembamba ya Nairobi, iliyoiba nguvu ya injini, hapa hulipa deni kidogo, kwani upepo wake huvuta nyuma kwa nguvu pungufu kuliko wa pwani.

Marekebisho makubwa hayakosi mashabiki. Giaboksi ya gia nne hubadilishwa kwa ya gia tano, na nafasi ya injini iliyokufa huchukuliwa na injini ya mtumba kutoka Japani. Gia ya tano huwa na maana kwa gari la barabara ndefu, mjini haiingizwi. Injini mpya ndogo na yenye sindano inaweza kupunguza matumizi sana, ila gharama yake hulipwa na mafuta yaliyookolewa baada ya miaka, na mabadiliko ya injini lazima yaripotiwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, na kuingizwa kwenye hati ya umiliki. Namba ya injini isiyolingana na karatasi huleta matatizo siku ya ukaguzi, na zaidi siku ya kuuza.

Vidude navyo vipo. Kimoja ni sumaku inayofungwa kwenye bomba la mafuta ili "kuyapanga". Kingine huchomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kinachovutia zaidi ni mtungi unaotenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni kwa umeme wa betri, kisha gesi hupelekwa kwenye injini. Maji ni haidrojeni iliyokwisha kuungua. Kuyatenganisha kunahitaji nguvu ile ile iliyotoka yalipoundwa, na nguvu hiyo inatoka kwenye oltaneta, inayozungushwa na injini, inayokunywa dizeli. Kila hatua hupoteza kidogo. EPA imepima vifaa zaidi ya mia moja tangu miaka ya 1970, na vilivyoonyesha faida yoyote vilikuwa vichache, tena faida ndogo. Mara nyingi anayeapa kwamba kimemsaidia alikifunga siku ile ile aliyobadilisha plagi.

Starta inaonekana kuwa mbali na mafuta, lakini katika Jericho iko karibu nayo. Injini inayonguruma bila kwenda hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Foleni mbili za dakika 40 kila siku, pamoja na kusubiri kupakia sokoni, zinafikisha lita tano au sita kwa wiki. Dereva anajua hivyo, ila hazimi, kwa sababu betri imechoka na mara ya mwisho alipozima katikati ya Jogoo Road alihitaji watu wanne wa kusukuma. Kusafisha ncha za betri, kukaza waya wa ardhi, kubadilisha kaboni za starta: hizi ni kazi za umeme ambazo mwishowe huhesabiwa kwenye tanki, kwa kuwa anayeamini gari litawaka ndiye anayelizima.

Desturi ya kuteremka na gia huru, ambayo madereva huiita kuweka free, haimo kwenye orodha hii. Kwenye injini ya sindano za kompyuta, gari likiteremka ndani ya gia na mguu ukiwa umeachia, mafuta hukatwa kabisa. Likiwa free, injini huhitaji mafuta ya kunguruma. Kwenye kabureta free huokoa tone, lakini hubakisha breki peke yake dhidi ya tani mbili. Barabara ya Salgaa hadi Sachangwan ilipata sifa mbaya ya ajali za malori, na kuteremka kwa free kulitajwa tena na tena kati ya sababu zake.

Yanabaki magari ambayo hayatibiki hivi. Pikapu inayotoa moshi wa bluu kila inapoongezewa mwendo, inayohitaji oili kila wiki na kupumua kwa nguvu kwenye kifuniko cha oili, ina ringi zilizokwisha. Kipimo cha kompresheni, ambacho fundi yeyote mwenye vifaa anaweza kukifanya kwa nusu saa, huonyesha silinda ipi imeanguka. Hapo jeti, turubai na plywood husubiri kwanza, mpaka injini ifunguliwe.